Picha Mbili za Unyayo Wangu

Musanda,
S.L.P. 73,
Mumias.

21 Juni, 1998

Mpendwa kaka yangu Cornelius,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Tabora, na kile kikohozi cha asubuhi kimekuachilia. Wifi Gentrix hajambo? Na mjukuu wetu Cindy, ameanza kutembea au bado anasafiri kwa makalio? Niandikie, maana huku kila mtu ananiuliza na mimi sina jibu.

Sisi tunamshukuru Mungu. Mvua za El Niño zilikula barabara, hata matrekta yakashindwa kuingia shambani, kwa hiyo miwa yangu ya shamba la juu imekatwa ikiwa imechelewa miezi minne. Ng'ombe yule mwekundu amezaa ndume. Mimi nimeketi kwenye kiti chenye mto, mguu wa kushoto uko juu ya kigoda, kalamu iko mkononi. Nimetoka kanisani sasa hivi, lakini bado nina hasira kidogo na wewe, ndiyo maana nimeanza na salamu nyingi.

Najua macho yako yamekataa maandishi na kwamba Philip ndiye anayekusomea. Kwa sababu yake naandika Kiswahili, maana Kiluhya cha mtoto wako ni cha kuombea maji tu. Philip, baba, usiruke mahali. Hata pale baba yako atakapokohoa ili uruke, wewe endelea.

Kaka, barua yako ya Machi niliipata. Uliniambia nisikubali kudungwa ile dawa ya mionzi ambayo Kakamega walinidokezea nami nikakuandikia, ile uliyoiita ya bomu. Ukasema hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kukatwa nyama ya mguu akiwa hai, na kwamba mkwe wangu asiuone mguu huo mpaka wewe mwenyewe uje. Mwisho ukaandika, ukicheka, kwamba hata wewe una kisiki chako unyayoni tangu tulipokuwa tukikata miwa ya baba, na hakijakuua. Sikukujibu. Ningejibu ungeandika tena, na mimi nilikuwa na safari.

Sasa nimerudi, na nataka ulisikie jambo lote kutoka kwangu, si kwa watu wanaopita Tabora na maneno nusu.

Visiki wewe unavijua. Miwa ikishachomwa na kukatwa, kinachobaki ardhini ni vipande vyeusi vilivyochongoka, na sisi tuliozoea kulima bila viatu vinatuchoma mpaka tunaacha kuhesabu. Kidonda kinapona lakini masizi yanabaki chini ya ngozi. Nani katika boma letu hana doa jeusi unyayoni? Kwa hiyo mwaka wa 1996, nilipoona doa jeusi kwenye kisigino changu cha kushoto, upande wa nje, sikushtuka. Nilijua ni kisiki, nikaenda kupalilia.

Kisiki hicho hakikuuma. Hilo lingenishtua, lakini nilifurahi. Kikaanza kupanuka polepole, kutoka ukubwa wa punje ya wimbi hadi ukubwa wa kifungo cha shati. Mimi, dada yako uliyezoea kumsifu kwamba ana akili, nilichukua wembe, nikaupitisha motoni na kukichimba mwenyewe nyuma ya jikoni. Damu ikatoka nyingi kuliko nilivyotarajia. Baada ya mwezi mmoja kilirudi. Nikajaribu maji ya betri. Kikarudi tena, na safari hii kilikuwa kinatoa majimaji na soksi inanata.

Utaniuliza kwa nini sikwenda zahanati. Hapo ndipo penyewe.

Zahanati iko mwendo wa dakika kumi kutoka hapa. Tangu mwaka wa 1995, daktari wa pale ni Andati. Ndiyo, Andati huyo huyo aliyemwoa Namalwa wangu. Serikali ilimleta hapa bila kuuliza kama mama mkwe wake anaishi njia hiyo. Wewe unajua heshima yetu ya ukwe: simpi mkono, sili nyumbani kwake, na tukikutana njiani mimi naingia ndani ya miwa mpaka apite. Miaka minane, tangu harusi yao, nimeingia katika miwa hiyo mpaka siafu wa humo wananijua. Sasa mtu kama mimi avue kiatu, amwekee mkwe wake unyayo juu ya meza? Nilisema afadhali kisiki. Kila nilipokwenda sokoni nilipita nyuma ya zahanati ile, nikichechemea kidogo, na dawa yangu ilikuwa ndani imekaa imevaa koti jeupe.

Andati alimwuliza Namalwa mara nyingi kwa nini mama anachechemea. Namalwa alipokuja kuuliza, nilimjibu kwamba mimi ni mjane wa miaka hamsini na sita, na kuchechemea ni haki yangu.

Krismasi iliyopita alinifumania. Nilikuwa nimelala kitini baada ya chakula, miguu nje, naye akapita na sufuria. Niliamshwa na sufuria ikiwekwa sakafuni.

"Mama, hii ni nini?"

"Kisiki."

"Kisiki gani inakuwanga na rangi mbili?"

Nilirudisha mguu, lakini msichana huyo amefundisha darasa la nne miaka saba, hawezi kudanganywa na mtu anayevuta mguu. Alileta daftari la mtoto, akaliweka sakafuni, akanishika kifundo na kuukandamiza unyayo wangu juu ya ukurasa. Akachora mzunguko wake wote kwa kalamu. Kisha akapima doa kwa rula, akalichora mahali pake na kupaka rangi kwa makaa ya jikoni. Pale penye rangi ya kahawia alipaka chai. Pembeni akaandika mambo yote aliyonitoa kwa nguvu: lilianza lini, wembe, maji ya betri, damu. Hakuniomba ruhusa. Alilikunja daftari akaenda nalo kwa mumewe.

Hiyo ndiyo picha yangu ya kwanza.

Andati alipoiona aliacha chakula, Namalwa ndiye aliyeniambia. Alikuwa ameona unyayo kama huo mara moja tu, akiwa mwanafunzi, na mwenye unyayo ule alikuwa amechelewa. Aliandika barua usiku huo huo, na asubuhi ilikuwa mikononi mwangu: niende hospitali ya mkoa Kakamega, nisipitie popote, na nisiguse doa hilo tena kwa wembe hata nikilipwa. Maneno ya mwisho yalikuwa haya: "Mama, samahani kwa kukuamuru."

Kakamega walikata kipande kidogo wakakituma kipimwe. Mwezi wa Februari jibu likaja kwamba ni saratani ya ngozi, ile nyeusi, ambayo ina mbio. Mimi nilidhani saratani ya ngozi ni ya wazungu wanaoungua na jua. Daktari akanieleza kwamba kwetu sisi weusi hii hupenda kujificha unyayoni, mahali ambapo jua halifiki wala mtu hatazami.

Kaka, nililia. Nilikaa kwenye benchi nje ya jengo lile nikalia mbele za watu, na Namalwa akanishika mkono akilia pia. Nilimwogopea mtoto aliye tumboni mwake, kwamba hatanijua. Halafu nilinyamaza, nikafuta pua, na nikaamua kwamba sitakufa kwa ajili ya kisiki. Kama ni kufa, sawa, tutakufa, lakini si kwa sababu niliona haya kuvua kiatu. Tangu siku ile sijarudi nyuma.

Sasa nikuambie habari ya hiyo dawa ya bomu, kwa sababu nimedungwa.

Mwezi wa Aprili tulikwenda Nairobi, mimi na Namalwa, tukafikia kwa Dorothy, binti wa shangazi, Kawangware. Daktari wa upasuaji ni mwanamke mdogo, anavaa raba. Alinieleza hivi. Saratani hii ikitaka kutoka unyayoni, hupitia mishipa myembamba isiyokuwa ya damu, na mishipa hiyo ina vituo njiani, yaani tezi. Kituo cha kwanza ndicho inachofikia kabla ya vingine. Kwa watu wengi wenye shida ya mguu, kituo hicho kiko kinenani, na zamani wangefungua kinena chote na kuondoa tezi zote, kisha mguu uvimbe maisha yako yote. Lakini kuna mashine inayoweza kuonyesha kituo cha kila mtu kiko wapi hasa. Alisema hawaitumii hivyo mara nyingi, ni njia mpya, na akaniuliza kama nakubali. Nikamwambia mimi nimetoka Musanda, sikuja kutalii.

Mpiga picha wa mashine hiyo ni kijana wa kwetu, Mbukusu, Wanjala. Alinidunga sindano nne ndogo kuzunguka kovu la kisigino, na hizo, kaka, sitakudanganya, zinawasha kama siafu wanne wamekubaliana. Kisha akanilaza juu ya kitanda chembamba na kuteremsha juu yangu kitu kikubwa bapa kama sinia la harusi. Nilifumba macho nikisubiri kupigwa na miale. Sikusikia kitu.

"Imeanza?" nikamwuliza.

"Kitambo, mama. Hii mashine haikupigi na kitu. Ni wewe ndio unaipigia."

"Mimi?"

"Dawa iko ndani yako, ndio inatoa mionzi. Mashine inaangalianga tu kwenye inatembea."

Nilimwuliza habari ya bomu, nikalitaja jina lako. Alicheka, lakini kwa adabu. Alisema dawa hiyo nguvu yake inapungua nusu kila baada ya saa sita, na kesho yake karibu yote itakuwa imekwisha. Siku hiyo moja tu nisibebe watoto, na nisikae karibu na mwanamke mjamzito. Namalwa alikuwa na mimba ya miezi mitano, kwa hiyo alitolewa nje mapema. Jioni kwa Dorothy tulikula yeye ukutani huku, mimi ukutani kule, tukiitana kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Dorothy alinihurumia. Nilimwambia asisumbuke, kukaa mbali na mtu nimejifunza kwa Andati.

Lakini nimekimbia mbele. Nirudi kitandani. Wanjala alikuwa na kioo kama cha televisheni, na kwenye weusi wake kulikuwa na nyota moja kubwa inayong'aa, ndiyo kisigino changu. Daktari alikuja akasimama nyuma yake. Kutoka kwenye nyota ile ukaanza kutoka uzi wa vidoa vidogo vidogo, ukipanda mguuni. Nilinyoosha shingo nione. Wakapeleka sinia juu ya kinena. Hakuna kitu, giza tupu. Wakangoja. Giza. Niliona daktari amekunja uso, nikawaza labda imekwenda mahali pabaya kuliko kinena.

Kisha Wanjala alirudisha sinia chini taratibu, na lilipofika gotini likasimama. Nyuma ya goti, kaka. Doa moja lililong'aa, limekaa peke yake. Uzi wangu ulikuwa umeishia hapo. Daktari alisema watu wachache sana, wenye doa upande ule wa nje wa kisigino, njia yao hupita huko, na kwamba bila picha ile angefungua kinena changu kesho yake, akaondoa tezi nzima nzima zisizo na hatia, na ile moja ya nyuma ya goti akaiacha. Wanjala aliniwekea alama ya msalaba kwa wino mahali pale. Nililala kifudifudi nikisikia kalamu yake, nikasema sala fupi ambayo sitaiandika hapa.

Hiyo ndiyo picha ya pili.

Kesho yake walikata. Ndiyo, walikata nyama ya mguu wa mtu wa nyumba yetu akiwa hai. Waliondoa kipande cha kisigino upana wa kifuniko cha thermos, wakaziba kwa ngozi ya paja langu, na tezi ile wakaitoa. Mguu ninao. Unafika chini, una vidole vitano, unaniuma wakati wa mvua. Niliporudi nyumbani nilibaki kusubiri jibu la tezi, na kusubiri huko kulinishinda kuliko kisu. Kama tezi ni safi, ugonjwa haujatoka unyayoni. Kama si safi, ulikuwa umeanza safari.

Jibu lilikuja Alhamisi iliyopita. Na kwa kuwa Andati ndiye aliyeandika barua ya kwanza, hospitali ilimtumia yeye.

Namalwa alikuwa amekwenda kliniki ya wajawazito Mumias, hatarudi mpaka jioni. Andati hakuweza kungoja jioni, wala mimi nisingetaka angoje. Nilimsikia akipiga kengele ya baiskeli upande wa pili wa ua. Nilipochungulia kati ya michongoma nikaona mgongo wake. Alikuwa amesimama njiani, amenigeuzia mgongo kwa heshima, bahasha imeinuliwa mbele ya uso wake.

"Mama, nimekuja na majibu. Namalwa hayuko. Nitasomea hapa hapa, wewe usikie tu."

"Soma."

Akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi, maana alikuwa anasomea barabara na mimi niko nyuma. Katika shamba la jirani wakataji miwa waliacha kukata. Kila mtu Musanda sasa anajua habari za goti langu. Alisoma kwamba kingo za kisigino ni safi. Alisoma kwamba tezi ya nyuma ya goti ilikuwa na chembe za saratani, chache, ndani kabisa, hazijatoka nje, na imeondolewa nzima. Hapo akakohoa, akarudia mstari ule mara ya pili. Kisha akasoma kwamba kwa miaka mitano, kila mwezi, mtu mwenye ujuzi apapase nyuma ya goti na kinena, na kuutazama unyayo wote, kwa sababu uvimbe mdogo ukigunduliwa mapema unaondolewa, na ukichelewa hauondoki.

Kila mwezi. Mtu mwenye ujuzi. Kaka, kuna mmoja tu hapa, na alikuwa amesimama njiani akizungumza na barabara.

Nilikaa nikafikiri kama vile mtu anavyofikiri akiwa na sufuria motoni. Najua unachotaka: mzee wa nyumba yetu afike, kondoo apite, blanketi lipite, ndipo mama mkwe na mkwe wapeane mikono. Wewe ndiye mzee huyo, na uko Tabora, na nauli na magoti yako vyote ninavijua. Nilikumbuka pia kwamba ugonjwa huu nimeulea miaka miwili kwa ajili ya heshima hiyo. Mtu wa kwanza kuutambua ndiye niliyekuwa nikimkimbia, na aliutambua kwa daftari la mtoto na makaa ya jiko.

"Andati," nikasema, "ingia."

Hakusogea. Hata wakataji miwa hawakusogea.

"Mwanangu, geuka uingie."

Aliingia akitazama chini, akiisukuma baiskeli kama ngao. Nilileta maji, akanawa. Nilimpa mkono wangu, akaushika kwa mikono yake miwili. Kisha niliketi, nikavua soksi, nikaweka unyayo juu ya kigoda na kumwambia atazame vizuri, mimi si mtihani. Alitazama kati ya vidole vyote, akapapasa nyuma ya goti langu polepole, akitazama juu kama anayesikiliza. Kinena nilimwambia atamfundisha Namalwa, hata mimi nina mpaka wangu. Hakukuwa na uvimbe wowote. Aliandika tarehe katika daftari lile lile, chini ya mchoro wa Krismasi, na kabla ya kuondoka alikunywa chai yangu. Miaka minane, kaka, na hakujua kwamba mimi ninatia tangawizi.

Kwa hiyo sikuombi ruhusa. Nakuarifu. Kondoo yupo, amefungwa karibu na kisima, na blanketi Namalwa ameshanunua. Njoo Desemba tufanye mambo yote kama inavyotakiwa, nami nitasimama mahali utakaponiweka. Mkono tu ndio uliotangulia.

Msalimie sana wifi Gentrix, mwambie mbegu za mchicha ziliota zote. Mbusu Cindy kwa niaba yangu. Namalwa na Andati wanawasalimu, na huyo wa tumboni, ambaye nimeamua atanijua, anawasalimu pia. Mungu aliyenionyesha njia ya uzi ule mwembamba awalinde nyote, mlale na kuamka salama.

Jambo moja limebaki. Ndani ya bahasha nimeweka karatasi mbili tupu na penseli. Kisiki chako ulichoniandikia ukicheka, mimi sikucheka. Kitachorwa mahali pake, kitapimwa kwa rula, kitawekwa rangi zake zote, na karatasi itatumwa kwa Andati juma hili hili, naye anaingoja.

Philip, baba, kabla hujaikunja barua hii, mvue mzee viatu.

Dada yako akupendaye, na mwenye miguu miwili,

Milcah Nekoye